Mwalimu Aliyechora Migongo

Mtu akienda kwa Mwalimu kuomba achorewe malaika, swali la kwanza alilokutana nalo lilikuwa hili: "Umeshawahi kumwona?" Wengi walicheka wakidhani ni utani. Mwalimu hakucheka. Alisubiri jibu, mikono ameikunja kifuani, kilemba kimelalia upande, mpaka mtu akiri kwamba hapana, hajamwona, ila wapo kwenye kalenda ya sebuleni kwake. "Basi umeshapata malaika," alisema. "Mimi nikuchoree kitu unachokijua."

Alinifundisha sekondari huko Mbozi, na sasa mimi mwenyewe nimeanza kuota mvi. Nina gereji ya kupaka rangi malori hapa Tunduma, karibu na foleni ya kwenda mpakani. Kila ninachokijua kuhusu rangi nimekitoa kwake, na hilo alinikumbusha kila alipopata nafasi, hasa mbele ya wateja. Alikuwa mwanamke mfupi, masikio yamechomoza kama yanakusikiliza hata akiwa hana habari na wewe, na mwanya mpana katikati ya meno ya mbele. Mwanya huo niliufahamu vizuri kwa sababu alicheka sana, na kilichomchekesha zaidi ni makosa ya wenzake. Siku moja alisimama nyuma ya lori nililokuwa nimelichorea simba wa Yuda, akaliangalia kwa muda, akaniuliza, "Huyu simba wako amekula nini? Chapati?" Nilimfuta wote nikaanza upya. Simba wa pili alipita, ingawa alisema macho yake ni ya mtu anayesubiri chai.

Kilemba chake kilikaa upande kwa sababu alikifunga bila kioo. Nyumbani kwake hapakuwa na kioo hata kimoja, hata kile kidogo cha kunyolea. Sisi wanafunzi tulidhani ni ulokole. Haukuwa ulokole. Nitafika hapo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kwenye kuta za makanisa, na huko ndiko alikopata marafiki na maadui, mara nyingi watu walewale. Kule Kamsamba, ambako joto linakufanya uwaonee wivu ng'ombe waliolala kwenye tope, kanisa dogo lilimwomba achore ubatizo wa Yesu. Akachora mto unaofanana na Momba, watu wameshika viatu mkononi, ng'ombe wanakunywa maji ng'ambo. Njiwa hakuwepo. Aliyekuwa anatua juu ya kichwa cha Yesu ni yangeyange, yule ndege mweupe anayeshinda na ng'ombe kutwa nzima. Mwinjilisti akapinga, akafungua na Biblia. Mwalimu akamwuliza, hapa kijijini njiwa wanaishi kwa nani? Mwinjilisti akafikiri, akasema wako kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga, amewajengea kibanda kizuri.

"Sasa si unaona," Mwalimu akamwambia. "Mimi nataka Roho anayemshukia hata asiye na kibanda."

Yangeyange yupo mpaka leo.

Lakini usidhani alikuwa mbishi kwa kila kitu. Katika kanisa jingine, huku juu kwenye kahawa, alichora Mariamu akipewa habari na malaika. Malaika mwenyewe hakuonekana, kulikuwa na mwanga tu mlangoni. Badala ya maua ya kizungu tunayoyaona kwenye picha, Mariamu alishika tawi la mkahawa. Mwalimu akaweka kwenye tawi hilo maua meupe kwa ajili ya usafi, na pembeni ya maua akaweka matunda mekundu yaliyoiva, kwa ajili ya damu itakayokuja baadaye. Mchungaji alifurahi mno, akaanza kuandaa mahubiri. Akaingia mkulima mmoja, akatazama, akauliza kwa upole, "Mwalimu, mkahawa huu ni wa mwezi gani?"

Mwalimu akageuka kulitazama tawi. Maua na kahawa iliyoiva namna ile, vyote kwenye tawi moja, wakati hutenganishwa na miezi mingi! Kesho yake asubuhi alipanda ngazi akafuta kila tunda, na wekundu akauhamishia kwenye pindo la kitenge. Mchungaji alimsihi aache, akisema hiyo ni alama tu. "Mungu atanivumilia," alisema kutoka huko juu. "Huyu mkulima atanisema mpaka nizikwe."

Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kubishana na sinodi nzima kuhusu ndege, lakini mtu akimwambia jembe alilolichora lina mpini mfupi, alinyamaza akaenda kupima. Alilala wakati wa mahubiri, waziwazi, mdomo umefunguka, halafu jioni akakusimulia mahubiri hayo kwa mpangilio mzuri kuliko mhubiri. Alizichukia picha za Yesu za dukani, zenye nywele za dhahabu na mashavu ya waridi. Alisema anazionea huruma, zinaonekana kama zinasikia baridi. Lakini ukutani kwake, juu ya redio, ilikuwepo moja ya namna hiyo, imepauka. Nilipomuuliza alijibu bila aibu: "Huyo ni mgeni wa mama mdogo. Alimkaribisha yeye. Mimi nani nimfukuze?"

Mama mdogo ndiye aliyemlea, na habari zake nilizipata kwa bahati, kupitia dereva wa Kizambia.

Dereva huyo alikuja gereji akitaka Yesu nyuma ya lori lake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi langu akinywa chai yenye sukari isiyo na huruma. Dereva, kwa adabu ya kwao, akamsalimia kwanza yeye kwa Kibemba, akimwita mwalimu kama alivyonisikia mimi.

"Mwapoleni mukwai, ba kafundisha."

"Karibu, mwanangu. Huyo Yesu unamtaka wa nini?"

Dereva akaeleza kwa Kiswahili chake cha barabarani kwamba mke wake anaogopa, kwamba barabara ni mbaya, kwamba anataka watu wa nyuma waone yeye analindwa. Mwalimu akamwuliza amtajie mtu mmoja aliyewahi kumlinda kweli. Dereva akasema ni baba yake. Utotoni alikuwa anamfuata shambani, baba anatangulia kwenye majani marefu, anafagia umande kwa miguu yake ili mtoto asilowe. Mwalimu akanigeukia. "Umesikia? Chora mtu anayetangulia kwenye majani. Mgongo. Usimwekee duara la mwanga kichwani, weka umande."

Nikachora. Ni picha bora niliyowahi kuiweka kwenye lori, na wazo halikuwa langu. Dereva aliiangalia akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, natotela sana," akatoka kwenda kusimama upande wa pili wa lori, kule ambako hatukumwona.

Alipoondoka nilimwuliza Mwalimu swali nililokuwa nalo tangu sekondari. Kwa nini migongo? Maana hata darasani alitufanyisha hivyo. Zoezi lake maarufu lilikuwa kumchora mtu wa nyumbani kwenu kwa nyuma, bila uso, na siku ya wazazi michoro ikatundikwa kwenye kamba, kila mzazi ajitafute. Walijitambua karibu wote. Baba mmoja tu ndiye aliyegombea mgongo wa mwenzake kwa sababu ulikuwa mpana kuliko wake.

Mwalimu akazungusha chai kwenye kikombe. Akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa. Hakuna picha. Wakati ule picha ilikuwa safari ya mjini, na mama yake hakuwahi kusafiri. Anachokikumbuka ni mgongo: kitenge cha bluu kilichofifia, harufu ya moshi, mfupa mmoja uliojitokeza chini ya shingo ambapo alikuwa akiweka shavu lake, na mgongo huo ukiinama na kuinuka kwenye mikahawa. Uso haukumbuki hata kidogo.

"Mama mdogo alikuwa ananiambia, ukitaka kumwona mama yako kajitazame kwenye kioo, mmefanana kama mmegawana. Nikaenda. Nikajiona mimi. Nikarudi tena na tena, ni mimi tu. Siku moja nikakasirika nikakivunja. Tangu hapo sijaweka kioo ndani ya nyumba yangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mahindi, kisha akaniomba sukari. Mimi nilikuwa nimeshaharibu brashi niliyoishika, maana rangi ilinikaukia mkononi.

Sasa nije kwenye ukuta wa Iyula, kwa sababu bila huo ukuta ningekuwa nasimulia bibi mcheshi tu.

Walijenga kanisa jipya, wakamwomba achore ukuta wa mbele, upande wa kushoto wa madhabahu, pale watu wanapopita kutoa sadaka. Akachagua Yesu akiwaosha wanafunzi miguu. Anayeoshwa miguu amekaa kwenye kigoda akitutazama, mkulima wa kawaida, gambuti zake ziko pembeni zimejaa udongo mwekundu, na uso wake una haya ya mtu anayefanyiwa kitu asichostahili. Anayeosha amepiga magoti mbele yake, kitenge cha bluu kimefungwa kiunoni kama taulo, beseni liko mbele yake. Na kwa kuwa amemwelekea mgeni wake, sisi tulio kanisani tunamwona mgongo. Chini ya shingo kuna mfupa umejitokeza. Nilipouona mara ya kwanza ilinibidi nitoke nje nipate hewa.

Wazee wa baraza walipouona, wao hawakutoka nje. Walikaa kikao. Mzee Mwenyekiti alikuwa mtu mwema na mnyoofu, mrefu, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na alisema jambo ambalo kwa desturi zetu lina uzito. Huku kwetu mtu hawageuzii wageni mgongo ndani ya nyumba yake. Hata ukiwa na haraka namna gani, utatoka kinyumenyume. "Tumeingia nyumbani mwa Bwana," alisema, "na yeye hatutazami. Watoto wetu wajifunze nini?"

Mchungaji, kijana aliyetoka chuoni karibuni, alijaribu kusuluhisha. Alimwendea Mwalimu kwa adabu zote. "Mwalimu, naomba nielewe. Huyu ni Yesu, au ni maisha yako binafsi?"

"Mchungaji, wewe ukihubiri unatumia mdomo wa nani?"

"Wangu."

"Haya. Na mimi mkono ni huuhuu."

Jibu zuri, lakini halikumsaidia. Baraza likaamua: ikifika sikukuu ya mavuno, uso wa Yesu uonekane kwenye ukuta ule, la sivyo ukuta upakwe rangi nyeupe. Ndoo za rangi nyeupe zikanunuliwa kabisa, zikawekwa ofisini kwa mchungaji, ili kila mtu ajue kwamba hawatanii.

Ningependa kusema kwamba Mwalimu alilichukua kwa ucheshi. Hapana. Aliumia. Na kilichomwumiza zaidi wazee hawakukijua. Madaktari walikuwa wameshamwambia ana presha ya macho, na kwamba giza lililoanza pembeni litaendelea kuja katikati. Ukuta ule usingepata mwenzake. Ukifutwa, ule mgongo anaoujua yeye peke yake duniani unafutika, na hataweza kuuchora tena. Nilimwambia kwa hasira kwamba ageuze kichwa tu, achore uso wowote, hata wa kwangu, ili kazi ipone. Aliniangalia kwa huruma.

"Uso ambao sijauona nitautoa wapi?"

Nikafikiri amekata tamaa. Wiki iliyofuata akanipigia simu, akataka vanishi ya magari, ile ngumu tunayomalizia bodi za malori, na msasa wa maji, ule laini kabisa. Hakueleza. Nilimpelekea, nikamkuta amekaa kwenye kigoda chini ya ukuta, pua inakaribia kugusa plasta. Hakuugusa mgongo, wala kichwa. Alikuwa kwenye beseni. Maji ya beseni aliyapaka rangi nyeusi yenye wekundu kwa mbali, maji ya miguu iliyotoka shamba. Akapaka vanishi, akasubiri ikauke, akasugua, akapaka tena. Nilitaka kumsaidia akanipiga kibao cha mkono. Alisugua kwa kupapasa, amefumba macho. Alisema vidole vinaona vizuri zaidi.

Sikukuu ya mavuno ikafika. Magunia ya mahindi mbele, mikungu ya ndizi, kuku wawili wamefungwa miguu wakilalamika. Kabla ya ibada wazee wakaja kukagua. Mzee Mwenyekiti akasimama mbele ya ukuta, akatazama juu, akatazama chini, akageuka.

"Mwalimu, tulisemezana. Uso uko wapi?"

"Upo, mzee wangu. Uko kwenye beseni. Aliyeinama juu ya maji, uso wake si unakuwa ndani ya maji?"

Mzee akainama kidogo. "Sioni kitu. Naona sakafu."

"Umesimama, ndiyo maana. Shuka."

Akainama zaidi. Hakuona. Watu walikuwa wameanza kujaa kwenye mabenchi na wote wametulia, mpaka kuku nao wakanyamaza. Nilimwona akitazama suruali yake, halafu akitutazama sisi, halafu akatoa leso, akaitandika sakafuni, akapiga magoti. Beseni sasa lilikuwa sawa na uso wake. Mwanga wa dirishani uliingia kwa pembeni.

Alikaa pale. Mchungaji akakohoa, Mzee hakusikia. Alichokiona wote tunakijua, kwa sababu tumeshaenda kuangalia: ukipiga magoti pale, mkao uleule wa yule anayeosha, kwenye maji yale meusi uso unakuja. Hafifu, umetulia, na ni wako, ila unaonekana kama mtu mwingine anayekutazama kutoka chini. Mzee Mwenyekiti alikitafakari kwa namna yake na hakumwambia mtu. Aliponyanyuka tulimshika mkono. Alichosema ni maneno machache tu: "Wazee, tukae. Ibada ianze." Zile ndoo za rangi nyeupe zilipaka vyoo vya shule ya Jumapili, na vinapendeza.

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Nilikuwa nakisimulia hivyo gereji, na wateja walikipenda.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, nilimfuata Mwalimu huko Vwawa, ambako anakaa na mpwa wake. Giza limeshafika katikati. Anatambua mchana na kivuli, basi. Kilemba kimekaa sawa sasa kwa sababu anafungiwa na mpwa, na nikagundua kwamba hilo linanihuzunisha kuliko macho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unanuka tina ya rangi. Bado unachora wale simba wa chapati?"

Akaniomba nimpeleke Iyula. Ilikuwa siku ya kazi, kanisa tupu, mama mmoja tu anafagia. Nikamshika mkono hadi kwenye ukuta. Mguu wake ukagusa kitu laini sakafuni. Akainama akapapasa. Lilikuwa gunia la kahawa, limekunjwa vizuri, limebonyea katikati.

"Hili la nani?"

Mama akaacha kufagia. "La Mzee Mwenyekiti, Mwalimu. Alilileta mwenyewe. Anasema magoti ya watu wa siku hizi ni laini, waonewe huruma. Watu wanapanga foleni hapo, Jumapili baada ya sadaka."

Mwalimu alilishika lile gunia kwa muda mrefu, akipitisha vidole kwenye lile bonde la magoti ya watu. Halafu akapiga magoti juu yake, akanivuta nami nishuke. Akanyoosha mkono, akayapata maji, akayapapasa kuona kama vanishi imepasuka. Haikupasuka.

"Kuna mwanga?"

"Upo."

"Naonekana?"

"Unaonekana, Mwalimu."

"Usiniite Mwalimu. Sahau kwamba unanijua. Kuna bibi hapo ndani ya maji. Nieleze alivyo, polepole, kama unanieleza mtu nisiyewahi kumwona."

Nikaelewa. Nikamwambia bibi huyo ana paji la uso pana, lenye mkunjo mmoja upande wa kulia. Nikamwambia macho yamezama kidogo, nyusi ni nyembamba. Shavu la kushoto limejaa kuliko la kulia. Masikio yamechomoza, kama anamsikiliza mtu aliye nyuma yake. Yeye alikuwa ametulia kabisa, kichwa amekiinamisha, anapokea kila neno.

"Mdomo je?"

"Anataka kucheka. Ana mwanya, meno ya mbele."

"Mwanya?"

"Mpana. Unapendeza."

Mama wa ufagio alikuwa amesimama tuli mlangoni. Kisha Mwalimu akaweka kiganja chake juu ya uso ule wa majini, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Miaka yote hii," akasema, "hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba mama yangu alikuwa na mwanya."